Mjomba Masikio na Kioo cha Papa

Kwa mamlaka niliyojikabidhi mwenyewe, ninayo heshima kuwatangazia ndugu, jamaa, marafiki na wote wanaonidai maelezo, kwamba Jumamosi iliyopita familia yetu ilifanya ziara rasmi katika jumba la samaki na njia ya mbao iliyo kando ya bahari, kwa shabaha ya kukuza elimu, kudumisha umoja na kuitazama dunia ya majini kwa jicho la unyenyekevu. Msafara uliondoka nyumbani saa mbili kamili asubuhi.

Msafara uliondoka saa tatu na nusu. Saa mbili kamili baba alikuwa amesimama nje ya gari akizitazama funguo zake, ambazo zilikuwa zimelala kwa raha ndani ya gari, juu ya kiti. Mama alikuwa amesimama nyuma ya baba akimtazama baba. Bibi aliletewa kiti cha jikoni, akaketi kando ya barabara na mkoba mapajani kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe. Mwishowe mjomba alivua koti, akanyoosha hanga ya waya, akaipenyeza juu ya dirisha na kuufungua mlango kwa dakika moja na nusu. Mama, kwa kuwa ni karani wa mahakama, alisema hataki kujua ustadi huo umetoka wapi.

Hilo la elimu na umoja nalo lisahauni. Hatukwenda kutazama samaki. Tulikwenda kumtafutia mjomba kazi.

Mjomba, mdogo wake mama, ni mpiga picha za pasi na vitambulisho. Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la viatu. Ndani mna pazia jeupe, pazia la bluu, kigoda kinachozunguka, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akisema maneno yale yale manne kwa kila aliyekalia kigoda kile, awe bwana harusi au mwizi aliyeachiwa juzi: kaa wima, tazama mbele, usicheke, masikio yaonekane. Mtaa mzima unamwita Masikio. Yeye anadhani ni jina la heshima.

Sasa ofisi zote zinapiga picha zenyewe, hapo hapo dirishani, kwa kamera ndogo yenye shingo kama ya bata. Mwezi uliopita mjomba alipata wateja wanne, na mmoja alikuwa ameingia akidhani ni kwa kinyozi. Ndipo akaona tangazo: jumba la samaki linatafuta mpiga picha wa kudumu. Wageni watasimama mbele ya tangi kubwa la papa, atawapiga, na picha itatiwa kwenye jalada la kadibodi lenye mchoro wa pweza. Meneja alimwandikia kwamba mtihani ni huu: aje na watu wake, apige picha mchana kutwa, na saa kumi alasiri apeleke ofisini ishirini, zisizopungua kumi zikiwa mbele ya papa. Mwisho wa barua paliandikwa, "Tunataka sura za watu wanaofurahi."

Mjomba aliisoma sentensi hiyo mara tano, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.

Ili mwelewe hofu yake, ingebidi muione albamu yetu. Picha ya harusi ya baba na mama inaonyesha watu wawili waliokamatwa kwa kosa moja. Picha yangu ya kutimiza mwaka mmoja inaonyesha mtoto ambaye amekwishakata tamaa na serikali. Kuna moja ya bibi akiwa ufukweni zamani, wima, uso mkavu, kitambaa cha kichwa kimesukumwa nyuma ya masikio, na kila anayeiona hutupa pole. Sisi si watu wa huzuni. Nyumbani tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Lakini kamera ikiinuliwa tu, ukoo mzima unakauka kama nguo kwenye kamba. Mjomba ametufundisha, nasi tumefuzu.

Inafaa pia niseme neno kuhusu sifa zangu za kitaaluma. Nasoma shule ya bweni, kidato cha tatu, ambako nimebobea katika somo lisilo kwenye ratiba, liitwalo kuvunja sura. Wakati wa masomo ya usiku ni marufuku kutoa sauti. Mtu mmoja huandika neno kwa herufi kubwa kwenye daftari, akaliinua nyuma ya mgongo wa mwalimu wa zamu, na wa kwanza kucheka huosha masufuria. Rekodi ninayo mimi. Nilimvunja sura kiranja mkuu katikati ya hotuba ya mwenyekiti wa bodi, na hotuba yenyewe ilikuwa juu ya madhara ya kucheka ovyo.

Basi mtaona kwamba jumba la samaki lilimpata mtaalamu, na halikuwa limemwomba.

Ndani mlikuwa na giza la bluu na sauti ya pampu. Baba, ambaye ni fundi wa majokofu, hakumtazama samaki hata mmoja, alitazama mabomba. Kwenye kila tangi aliinama, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hii kompresa inakufa," alimwambia mtoto wa watu aliyekuja kuona samaki wa rangi. Mama alisoma kila kibao kuanzia juu hadi chini kama hati ya mashtaka. Bibi aliwasalimia pweza.

Tangi la papa lilikuwa ukuta mzima. Papa watatu walizunguka humo polepole, wakiwa na sura za watu wa idara ya kodi. Kwa kuwa taa za kamera zinazomweka ghafla zilikatazwa, mjomba alikuwa amebeba taa zake mbili za betri zenye miguu mitatu. Alimwonyesha mlinzi barua ya meneja, akazisimamisha kulia na kushoto kama studioni, akawapanga baba, mama na bibi wakikipa kioo mgongo. Mimi nilipigwa kwenye moja tu ya kupima mwanga, kisha nikaambiwa nitoke, eti natingisha kichwa. Nikaenda kusimama nyuma yake.

"Haya," alisema mjomba. "Chekeni."

Hakuna aliyecheka. Baba alitoa meno ya chini. Mama aliinua nyusi moja, akaona haitoshi, akainua ya pili. Bibi alikaa wima, akasukuma kitambaa nyuma ya masikio.

"Mama, cheka kidogo," mjomba alimwambia bibi.

"Nicheke nini?"

"Chochote."

"Mwaka ule wa kitambulisho nilitabasamu kidogo tu, ukanirudisha kwenye kigoda mara tatu."

"Ile ilikuwa ya serikali, mama. Hii ni ya furaha."

"Serikali inikataze, furaha inilazimishe. Nishike lipi?"

"Shemeji, achia mabega," mjomba alimwambia baba.

"Nimeachia."

"Hayajashuka."

"Basi ndipo yanapokaa."

Mjomba alijifuta uso kwa mkono wa shati. Nilimwona ametoka kijasho chembamba, na hapo, nawaapieni, nia yangu ilikuwa njema kabisa. Watu walihitaji kuvunjwa sura. Mvunjaji alikuwepo. Nikatoa daftari langu la jiografia, nikaandika kwa herufi kubwa, nikaliinua juu ya bega la mjomba: BABA, ZIPU.

Baba aliinamisha kichwa kwa kasi, mkono ukafuata. Kamera ikalia.

Si kicheko, lakini ilikuwa sura mpya. Nikafungua ukurasa mwingine: MAMA, KUNA MWANAMKE NYUMA YAKO AMEVAA GAUNI KAMA LAKO. Mama aligeuza shingo kama ndege aliyesikia tawi likivunjika. Kamera ikalia. Aliporudisha uso alikuwa amekwishaelewa, na macho aliyonipa yalikuwa na tarehe ya kusikilizwa kwa kesi. Lakini hakusema kitu, asije akamkatiza mdogo wake kazi.

Hapo ningeweza kuacha. Mtu mwenye busara angeacha. Mimi niliandika: BIBI, KIOO KINA UFA.

Bibi husoma polepole, na mwanga ulikuwa hafifu, kwa hiyo kwa ukarimu nilisogea mbele na kulileta daftari karibu kabisa na taa ya kushoto. Nikaona midomo yake ikitamka herufi moja moja. Alipomaliza hakupiga kelele. Alisogea hatua moja mbele, taratibu, kama mtu asiyetaka kuwaamsha papa, akaushika mkanda wa baba kwa nyuma. Zipu, mkanda, mama mkwe: baba alifumba macho. Kamera ikalia.

Mjomba hakuona lolote. Akipiga picha hufumba jicho moja, na lile lililo wazi hutafuta masikio. Alikuwa na shida nyingine pia: miwani yake ya kusomea ilibaki nyumbani, juu ya ukuta wa geti, pale alipoiweka ili ahangaike na hanga. Akanigeukia na kunipa kamera.

"Mpwa wangu, wewe una macho ya kijana. Hebu zitazame. Zimetoka?"

Nilizitazama. Baba anatafuta zipu. Mama hana uso, ana kisogo. Na nyuma yao, ndani ya kioo cheusi, kati ya tumbo la papa na kichwa cha baba, amesimama binti wa sweta la shule akiwa ameinua daftari juu ya kichwa chake, kaangaziwa na taa vizuri kuliko mtu yeyote kwenye picha ile. Maandishi yamegeuka kushoto kulia, lakini yapo, meusi na manene. Mjomba wangu amepiga picha miaka ishirini na miwili mbele ya pazia. Pazia halimrudishii mtu sura yake.

"Zimetoka, mjomba," nilisema. "Safi."

Sababu ya kusema hivyo haipendezi, na nitaisema mahali pake. Kwa sasa ijulikane kwamba niliendelea. Picha kumi na mbili zenye daftari, kumi na tatu pamoja na ile ya kupima mwanga. Nilimtangazia baba kwamba kompresa imezima. Nilimtangazia mama kwamba jaji wake anapita. Kwenye ya kumi na mbili mama alitamka bila sauti, "Weka hilo daftari," na mara hiyo hiyo taa ya kulia ikafifia, ya kushoto ikaifuata. Betri zilikuwa zimekwisha.

"Basi," mjomba alisema, akizikunja kwa upole. "Kumi na tatu zatosha. Sikutegemea."

Mbali na tangi la papa mambo yalimwendea vizuri zaidi. Kulikuwa na chewa mmoja mkubwa, mzee, midomo mizito, ambaye wageni walikuwa wanamgongea kioo na yeye anawapa ubavu. Mjomba alimkaribia, akainua kamera, na kwa mazoea tu, kwa sauti ya chini, akasema, "Tazama mbele." Chewa akageuka. Akatulia katikati ya kioo, uso kamili, mapezi sawa kwa sawa, bila kucheka. Mjomba alimpiga kwa heshima zote. Nafikiri ndiye mteja bora aliyepata mwaka huu, ukiacha suala la masikio.

Saa sita tulitoka kwenye njia ya mbao. Ni barabara ya mbao iliyopita juu ya mchanga, yenye ukingo wa chuma, mabenchi yaliyochorwa majina ya wapenzi walioachana, na ndege weupe wanaonyang'anya watu viazi vya kukaanga mikononi. Kila hatua tano kulikuwa na mtu anayejipiga picha. Watu walijipiga wakila, wakajipiga wakitazama picha walizojipiga wakila. Mwanamume mmoja alimrudisha mkewe mara saba ili atoke tena kwenye maji kana kwamba hajui anatazamwa. Mara ya saba mke alitoka kana kwamba hajui ameolewa.

Katikati ya njia palikuwa na ubao mkubwa uliochorwa nguva, nahodha na kaa, wenye matundu ya kutia nyuso. Bibi alichagua nguva kabla hatujauliza. Baba akawa nahodha. Mama, akinung'unika kwamba ni mtumishi wa umma, akawa kaa.

Na hapo ajabu ikatokea. Ubao unadai uso tu, umetulia, umetazama mbele. Familia yangu imezaliwa kwa ajili ya ubao ule. Uso mkavu wa bibi juu ya mwili ule wa nguva wenye kiuno ulinifanya nishike ukingo wa chuma nisianguke. Lakini mjomba alishusha kamera.

"Kuna nini?" mama aliuliza kutoka ndani ya kaa.

"Masikio," alisema mjomba kwa uchungu wa kweli. "Masikio yamebaki nyuma ya ubao."

"Mwanangu," nguva alisema, "nimesimama kwenye kopo kwa ajili yako. Piga."

Mjomba alianza kucheka. Alicheka mabega yakamtetema, akajifuta macho, akapiga huku akicheka, na wao walipomwona anacheka, jambo ambalo kamera ile haikuwahi kulishuhudia, wakaangua kicheko kila mmoja kwenye tundu lake. Akapiga sita mfululizo. Zilikuwa picha nzuri. Nilijua ni nzuri hata kabla ya kuziangalia, na badala ya kufurahi nilianza kuzihesabu upya zile za papa.

Baadaye wazee walikwenda kununua aiskrimu, nasi wawili tukabaki kwenye benchi na mizigo. Mjomba alikuwa mchangamfu. Alinyoosha miguu.

"Kinyozi anavunja ukuta Ijumaa," alisema.

"Ukuta gani?"

"Wangu. Mwenye nyumba amempa chumba. Anataka viti vinne." Aliongea kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Bibi yako hajui. Anadhani nina foleni mpaka nje. Nataka nimwambie siku moja yote mawili, la ukuta na la kazi. Ukimwambia la ukuta peke yake atahamia kwangu anipikie."

"Mjomba, kwa nini usipeleke hizi za ubao tu? Zina furaha."

"Wanataka kumi za papa."

"Turudi tupige tena."

"Kwa taa gani? Betri zimekufa." Akanitazama. "Kwani zile zina nini? Si ulisema safi?"

Hapa ndipo mahali pake. Nilikuwa nimezihesabu picha za papa zisizo na daftari ndani ya kioo. Ilikuwa moja. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, na hapakuwa na mtu mwingine benchini isipokuwa ndege mmoja aliyeingojea aiskrimu yetu. Na bado nilitaka zile picha. Tangu ile ya kwanza nilikuwa nimepanga nizihamishie kwenye simu yangu usiku, nirudi nazo bweni, na kuzitembeza kitanda hadi kitanda mpaka kiranja mkuu aombe msamaha kwa kuzaliwa. Picha bora za uhuni katika historia ya shule. Ukisema kweli, zinafutwa.

"Safi," nilisema.

Saa kumi kasoro dakika mbili tuliingia ofisini kwa meneja, sote watano, kwa sababu bibi alikataa kuachwa mlangoni kama mwavuli. Meneja alikuwa mwanamke mwenye mikono ya shati iliyokunjwa na mabuti ya mpira yaliyolowa; alikuwa ametoka kulisha. Alimpa bibi kiti chake mwenyewe, akachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta. Kioo cha kompyuta ile kilikuwa kipana kama meza ya kulia. Sikuwa nimetarajia hilo, au tuseme sikutaka kulitarajia.

Alianza na za njia ya mbao. Alitabasamu. Kwenye ya nguva alimtazama bibi, akaitazama picha, akamtazama tena. Kwenye ya chewa alisogeza uso.

"Huyu hajawahi kutugeukia. Umemfanyaje?"

"Nilimwambia tazama mbele," mjomba alijibu.

Meneja akacheka, na mama akampiga mjomba kiwiko kidogo cha pongezi. Kisha zikaja za papa.

Ya kupima mwanga ilipita. Iliyofuata ilikaa muda mrefu. Meneja aliikuza, akairudisha. Akafungua nyingine, na nyingine.

"Huyu bwana anatafuta nini?" aliuliza.

Baba akakohoa. "Nilihisi upepo."

"Na huyu ndani ya tangi ni nani?"

Mjomba akainama karibu na kioo, akafinya macho, akainama zaidi. Niliona anavyoliona sweta. Ilichukua muda. Sweta, mikono, daftari. Bibi, ambaye alikuwa hajaelewa bado kilichotokea ila ana silika ya kumtetea mtoto wake hata kabla ya kujua kosa, alisema, "Huyo ni mgeni tu alipita."

"Amepita kwenye picha kumi na mbili," meneja alisema. Akabonyeza kitu, picha ikageuka kulia kushoto, na maandishi yakakaa sawa. Akayasoma kwa sauti isiyo na haraka, kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. "Baba, zipu." Akabonyeza. "Bibi, kioo kina ufa."

Mama hakunitazama. Hilo lilikuwa baya kuliko kunitazama.

"Ni mimi nilimwambia," mjomba alisema.

Sote tuligeuka.

"Ni mbinu," aliendelea, akijishika kola. "Watu wetu wanakauka mbele ya kamera. Nikamwambia mpwa wangu ainue maneno ya kuwastua, wasahau kamera. Kosa ni langu. Sikuangalia kioo."

Kwa miaka kumi na sita nimejifunza kudanganya, na sijapata kusikia uongo mbaya kama ule. Haukuwa na mlango wala dirisha. Aliusema akiwa ametazama mbele, wima, na masikio yake yamekuwa mekundu.

"Mbinu yako," meneja alisema polepole, "ni kuwatangazia wageni wangu kwamba kioo cha papa kina ufa."

"Kwa familia tu."

"Jumamosi huwa na watu mia nne mbele ya kioo kile, kaka. Mmoja akisoma kile kikaratasi akapiga kelele, nitaokota watoto mlangoni." Hakuwa na hasira, na hilo lilimaliza kila kitu. Akavuta karatasi yenye jina la mjomba, akachukua kalamu. "Nakushukuru kwa kuja. Za nguva ni nzuri sana."

Ningependa kuandika kwamba niliinuka kwa ushujaa. Nilikuwa nimekwisha kusimama, viti havikutosha. Nilisema tu, na sauti ikatoka nyembamba, si ile ninayoitumia shuleni.

"Hakuniambia. Hajui lolote. Nilisimama nyuma yake, hakuniona. Niliandika mwenyewe zote."

"Nyamaza," mjomba alisema.

"Hata ya zipu. Zipu yenyewe ilikuwa imefungwa."

"Nilijua," baba alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

Meneja aliiweka kalamu. Alinitazama mimi, kisha mjomba, kisha picha. "Sawa. Lakini bado nina mpiga picha asiyeona kilichomo kwenye picha yake."

"Sikuwa na miwani," mjomba alisema. "Nimeisahau nyumbani."

"Ungekuwa nayo, ungeona?"

"Ningeona, nisingekuletea."

Meneja alifikiri. Bibi alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Nje ya dirisha mtu alikuwa akimpiga picha mtoto anayelia, akimwomba alie akitazama huku.

"Jumanne saa mbili asubuhi, kabla hatujafungua," meneja alisema. "Nitakupa wafanyakazi wangu sita, nao pia hawajui kucheka. Uje na betri na miwani. Huyu," akaninyooshea kalamu, "abaki shuleni."

"Atabaki," mama alisema, na naamini alimaanisha kwa miaka mingi.

Kwenye korido wazee walitangulia. Bibi alikuwa anamuuliza baba kama kweli kioo hakina ufa, na baba anamwambia kioo ni kizima, ila kompresa ndiyo tatizo. Mjomba alibaki nyuma akifunga miguu ya taa kwa kamba, na mimi nikabaki kwa kuwa sikujua pa kwenda. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Ule mchezo wenu wa daftari nauelewa," alisema bila kuinua kichwa. "Hata sisi tulikuwa tunacheza. Haunisumbui sana."

Nikamshikia ncha ya kamba.

"Nilikuuliza mara mbili kama zimetoka." Alivuta kamba. "Kile kioo cha kamera ni kidogo. Mtu anaweza asione. Hukuona, siyo?"

Alikuwa amenifungulia mlango, mpana, na kunisogezea kizuizi kando. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kumtazama usoni, na alikuwa ananitazama vile anavyowatazama wateja, akisubiri watulie.

"Niliona, mjomba," nilisema. "Tangu ya kwanza niliona. Na pale benchini nilikuwa najua, hata uliponiambia habari za ukuta. Nilisema safi kwa sababu nilizitaka picha zile niende nazo shule."